Umeiambiaje? Masharti ya vigeu yanapogoma katika kutafuta kima cha chini

Kompyuta ilisema korosho zikianikwa hadi zifike mwisho wa kukauka, zitabaki na unyevu wa asilimia hasi 7.6. Kijana aliyeniletea jibu hilo alikuja mwezi wa kumi, minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza na barabara za Mtwara zimejaa malori. Alikuwa ameshabadilisha njia ya kukokotoa mara nne.

"Shikamoo mwalimu. Nimeiambia unyevu usishuke chini ya sifuri, haisikii."

"Marahaba. Umeiambiaje?"

Swali hilo ndilo ninaloanza nalo siku zote. Mara nyingi njia ya kukokotoa haina kosa lolote. Sharti limeandikwa kwa namna ambayo njia ile haiijui, au ishara imegeuzwa, au limepimwa kwa kipimo kisicholingana na mengine. Nimeandika dalili kama watu wanavyoniletea, na chini ya kila moja vyanzo nilivyovikuta, kile cha mara kwa mara kikitangulia.

Nitautumia mfano wa kijana huyu hadi mwisho. Namba zake nimezirahisisha ili uweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu. Alipima unyevu wa korosho zilizoanikwa juu ya turubai, kisha akatafuta mkunjo unaopita karibu na vipimo vyake:

U(t) = M + (A − M)·e^(−kt)

Hapo t ni siku, A ni unyevu wa mwanzo, M ni unyevu unaobaki zikishakauka, na k ni kasi ya kukauka. Fankisheni inayotafutiwa kima cha chini ni jumla ya vipeo vya pili vya tofauti kati ya mkunjo na vipimo. Masharti yanatoka kwenye korosho zenyewe: M isiwe hasi, k iwe juu ya sifuri, na M isizidi A. Mawili ya kwanza ni mipaka, kila mmoja unahusu kigeu kimoja. La tatu linafunga vigeu viwili kwa pamoja, na kwa mashine hiyo ni habari nyingine kabisa. Kuna na aina ya tatu, sharti la usawa: chama cha msingi kina tani 60 za kupeleka maghala ya Mtwara, Masasi na Newala, na sehemu tatu za mzigo lazima zijumlike kuwa 1 kamili.

Kabla hujagusa kitu, ndani ya fankisheni yako weka mstari mmoja unaochapisha vigeu vilivyoingia, thamani iliyotoka, na thamani ya kila sharti. Endesha, soma mistari ishirini ya kwanza. Nusu ya matatizo yaliyomo humu yanaonekana hapo hapo, bila kusoma kitabu.

Jibu limevuka mpaka kana kwamba hukuandika kitu

Chanzo cha kwanza: njia uliyochagua haijui mipaka. Si njia zote zinazokubali masharti, na si zote zinazokubali zinakubali ya kila aina. Katika SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ukiipa BFGS (njia inayofuata mteremko wa fankisheni) mipaka, itatoa onyo na kuendelea na safari kana kwamba hukusema. Lugha ya R hufanya tofauti: ukiipa fankisheni yake ya optim mipaka ukiwa umechagua njia nyingine, inakuonya kisha inahamia yenyewe kwenye L-BFGS-B, ile iliyochapishwa mwaka 1995 na Byrd, Lu, Nocedal na Zhu. Kijana wangu alikuwa na BFGS ya Python. Juu kabisa ya msimbo wake kulikuwa na mstari wa kunyamazisha maonyo yote, ameunakili mahali kwa sababu "yalikuwa yanajaza skrini". Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ondoa mstari huo kwanza, halafu ndipo tuongee.

Kwa kukumbuka haraka: L-BFGS-B inajua mipaka ya kigeu kimoja kimoja na si zaidi. Njia nyingine za SciPy, yaani SLSQP, COBYLA na trust-constr, zinajua pia masharti yanayofunga vigeu kadhaa. Ukimpa L-BFGS-B sharti la M kutozidi A, atalipokea mkononi na kuliweka kando.

Chanzo cha pili ni ishara, na hiki kimenipotezea mimi mwenyewe usiku mzima. SciPy, na sqp ya Octave, zinataka sharti liandikwe kama kitu ambacho lazima kiwe sifuri au zaidi. fmincon ya MATLAB na NLopt zinataka kitu hicho kiwe sifuri au pungufu. Kwa hiyo "M isizidi A" kwa kundi la kwanza ni A − M, kwa kundi la pili ni M − A. Ukinakili msimbo kutoka kundi moja kwenda jingine bila kugeuza, mashine itatii kwa uaminifu kinyume cha ulichotaka. Jaribio lake ni la dakika moja: chukua nukta unayojua ni mbovu, mfano A = 18 na M = 20, ukokotoe sharti kwa mkono. A − M inatoa hasi 2. Kwa SciPy hasi ni kuvunja sharti, basi uko sawa.

Chanzo cha tatu kinawapata wanaotumia Python wakitengeneza masharti mengi ndani ya kitanzi. Unaandika fankisheni fupi inayotazama kigeu namba i, ukidhani kila moja imebeba i yake. Haikubeba. Zote zinaisoma i wakati wa kuitwa, na wakati huo kitanzi kimekwisha na i imebaki kwenye namba ya mwisho. Kama una maghala matatu, utakuwa umeandika sharti la ghala la tatu mara tatu, na mawili ya kwanza hayana mlinzi. Dalili yake ni kwamba kigeu cha mwisho ndicho pekee kinachotii. Dawa ni kuifunga i kwenye fankisheni hiyo kama thamani ya awali, yaani i=i, wakati inapozaliwa.

Na kabla hujaenda mbali, hakikisha orodha ya mipaka inafuata mpangilio ule ule wa vigeu. Nimeona mpaka wa k ukikaa kwenye A, mtu analaumu algorithimu.

Jibu limebandika mpakani

Tulipohamia L-BFGS-B, M ikatii. Ikatua kwenye sifuri kamili na kukaa hapo. Kijana akafurahi. Mimi sikufurahi, kwani korosho isiyo na tone la maji hakuna aliyewahi kuiona juani hapa kwetu, na hewa yenyewe ya pwani ina unyevu.

Hapa lazima utofautishe mambo matatu, na kinachoyatofautisha ni mteremko wa fankisheni ukiwa umesimama mpakani. Kwa mpaka wa chini, kama fankisheni ingeendelea kupungua ukivuka kwenda chini, basi mpaka unafanya kazi kweli: ndio unaoshikilia jibu. Kama mteremko ni sifuri, jibu limeangukia hapo kwa bahati tu na mpaka hauna uzito. Kama fankisheni ingepungua ukirudi ndani, basi njia imesimama kabla ya wakati na jibu hilo si jibu. Hesabu hii ndiyo kiini cha masharti ya Karush, aliyeyaandika Chicago mwaka 1939, na ya Kuhn na Tucker wa mwaka 1951. Huhitaji kuyajua yote. Sogeza M kutoka 0 hadi 0.01, tafuta upya A na k zinazofaa, uone thamani inapanda au inashuka.

Kwake ilipanda, yaani mpaka ulikuwa unashikilia kweli. Swali likawa: kwa nini vipimo vinasukuma M kwenda chini namna ile?

Vipimo vilikuwa vitatu: 18.0 siku ya kuanika, 16.4 kesho yake, 14.9 keshokutwa. Tazama tofauti: 1.6, kisha 1.5. Kugawanya 1.5 kwa 1.6 kunatoa 0.9375, na mkunjo wenye vigeu vitatu unapita kwenye nukta tatu bila kukosea hata kidogo ukiwa na A − M = 25.6. Toa 25.6 kwenye 18, unapata hasi 7.6. Namba ile ya kichekesho ilikuwa hesabu sahihi kabisa ya vipimo alivyonavyo!

Sasa funga M kwenye 0. Ukiweka k karibu na 0.0945, mkunjo unatoa 16.38 na 14.90. Funga M kwenye 8, ambayo ndiyo namba ya kuaminika zaidi kati ya hizi, na kila siku ibakize sehemu 0.835 ya unyevu unaoweza kutoka: unapata 16.35 na 14.97. Kipima unyevu chake kinasoma desimali moja tu. Siku ya pili, M ya hasi 7.6, M ya 0 na M ya 8 zinatofautiana kwa chini ya 0.1, na kifaa hicho hakiwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Lakini uliza korosho zitakuwaje siku ya kumi: ya kwanza inasema 5.8, ya pili 7.0, ya tatu 9.6. Kwa mtu anayetaka kujua lini azijaze kwenye magunia na kuzipeleka ghalani, hizo ni habari tatu tofauti.

Kwa hiyo mpaka uliobandikwa ulikuwa unapiga kelele kwamba vipimo havitoshi. Mpaka haukuongeza elimu yoyote, ulificha aibu tu. Nilimrudisha kwenye turubai. Baada ya kupima siku ya sita akapata 11.4, na siku ya tisa 10.0. Tulipotafuta upya, M ilitua karibu na 8, mbali na sifuri. Tukaondoa mpaka wa M kabisa, jibu likabaki pale pale.

Kuna tanbihi hapa kwa wanaoripoti kosa la kila kigeu. Kigeu kilichobandika mpakani, yale makosa ya kawaida yanayokokotolewa kutokana na upindaji wa fankisheni hayana maana. Fankisheni haijafika bondeni pale, iko kwenye mteremko inagonga ukuta. Usiandike "M = 0 jumlisha au toa 0.3". Andika kwamba M imegota mpakani, msomaji ataelewa.

Kigeu hakitoki pale kilipoanzia

Dalili hii huwakuta zaidi wanaofanya hila ya kubadilisha kigeu. Badala ya kuiambia mashine x isiwe hasi, unaweka x = u² na kumwachia u atembee popote. Au unaweka x = e^u. Au, kama x iko kati ya a na b, unaweka x = a + (b − a)(sin u + 1)/2. Hila ya mwisho ndiyo inayotumika ndani ya MINUIT, programu ya Fred James wa CERN ambayo wanafizikia wameitumia tangu miaka ya 1970. Ni hila nzuri, maana njia yoyote isiyojua masharti inaweza kutumika, na fankisheni haiitwi kamwe nje ya mpaka.

Lakini ina meno. Ukianzia mpakani kabisa, mteremko wa u² ukiwa u = 0 ni sifuri. Wa sin ukiwa mpakani ni sifuri pia. Mashine inatazama, inaona hakuna mteremko, inatangaza imefika. Haijatembea hata hatua moja na inakupongeza. Anzia ndani, mbali na kuta. Kwa e^u balaa ni jingine: kama jibu halisi ni sifuri, u itakimbia kwenda hasi 20, hasi 40, hasi 60, hadi idadi ya mizunguko iishe au mteremko ufifie. Ukiona u inakimbia hivyo, soma kama "x ni sifuri" urudi sehemu iliyotangulia.

Mimi hila hizo nazitumia kwa nadra siku hizi. Ninayoipenda ni ya kuligeuza sharti gumu kuwa mpaka mwepesi. Tazama tena mkunjo wa korosho: weka D = A − M, na fomula inakuwa U(t) = M + D·e^(−kt). Sharti lililokuwa linafunga A na M sasa ni D isiwe hasi. L-BFGS-B inatosha, SLSQP ikapumzike. Karatasi na kalamu kwa dakika tano, na tatizo zima linashuka daraja. Hakuna sin u, hakuna u², na mteremko haufi mpakani.

Chanzo kingine cha kigeu kulala ni kukata namba iwe kamili ndani ya fankisheni. Umeandika idadi ya malori kisha ukaikata iwe namba kamili, maana hakuna lori nusu. Mashine inakisogeza kigeu kwa hatua ndogo sana ipime mteremko, 3.00000001 inakatwa kuwa 3, gharama haibadiliki, mteremko ni sifuri. Kama malori hayawezi kuzidi sita, usihangaike na algorithimu. Jaribu 1 hadi 6 kwa zamu, kila mara ukitafuta vigeu vingine, uchague yenye gharama ndogo.

Na chanzo cha tatu ni ukubwa wa namba. Mtu ameweka thamani ya mzigo kwa shilingi, milioni 300. Hatua ya kupimia mteremko katika programu nyingi ni karibu 0.000000015. Kwenye namba ya desimali ya biti 64, majirani wawili walio karibu na milioni 300 wameachana kwa takriban 0.00000006. Ukijumlisha hatua ile, namba haisogei kabisa. Baadhi ya programu zina kinga ya jambo hili, mteremko ulioandika mwenyewe hauna. Pima kwa mamilioni ya shilingi na tani, vigeu vyote vikae kati ya 0.1 na 100, na utashangaa ni matatizo mangapi yanayoondoka bila kuaga.

Masharti nayo yana ukubwa. Ukiandika jumla ya mzigo kwa kilo, iwe sawa na 60,000, huku kosa linaloruhusiwa ni 0.000001, umemwomba mtu apime tani 60 za korosho kwa usahihi wa miligramu moja. Gawanya sharti lote kwa 60,000.

Inatokea NaN (yaani "si namba"), au programu inakufa katikati

Kijana mwingine alifuata njia ya logi: log(U − M) ni mstari ulionyooka ukilinganisha na t, kwa hiyo akaiweka ndani ya fankisheni. Ikaenda vizuri hadi mashine ilipojaribu M = 15, na kipimo chake kidogo kabisa ni 14.9. Logi ya namba hasi. L-BFGS-B ya R husimama papo hapo na kulalamika kwamba inahitaji thamani yenye kikomo. Nyingine huendelea na NaN na kukupa takataka.

"Lakini nimeweka sharti M iwe chini ya 14.9," aliniambia. Ni kweli, ila aliliweka kama sharti la jumla, si kama mpaka wa kigeu, ndani ya SLSQP. Hapa kuna jambo ambalo watu wachache wanaelezwa: kuna masharti yanayotiiwa safari nzima, na kuna yanayotiiwa mwisho wa safari tu. SLSQP, iliyoandikwa na Dieter Kraft mwaka 1988, inaruhusu masharti ya jumla kuvunjwa njiani mradi yatimie ikifika. L-BFGS-B haitoki nje ya mipaka yake hata hatua moja. Kwa hiyo jiulize: fankisheni yangu ikiitwa nje ya sharti, inatoa namba mbaya, au haitoi namba kabisa? Kama haitoi namba, sharti hilo lazima liwe mpaka wa kigeu, au uandike upya fankisheni isiwe na logi.

Na usiuweke mpaka pale pale kwenye ukuta. Mashine haijui "chini ya", inajua "chini ya au sawa". M ikifika 14.9 kamili, logi ya sifuri inakungoja. Weka 14.8. Vivyo hivyo kwa k kuwa juu ya sifuri: andika k isipungue 0.0001.

constrOptim ya R ina ukali wake: inataka nukta ya kuanzia iwe ndani kabisa ya eneo halali, kuwa juu ya mpaka hakukubaliki. Ikikukatalia mwanzoni kabisa, sogeza nukta ya kuanzia, usiguse kingine.

Uliweka faini, na sasa mashine imepagawa

Hii ndiyo dawa ya kienyeji ninayoikuta zaidi: kama M ni hasi, rudisha bilioni kumi. Naielewa. Ni mistari miwili, na kwa Nelder-Mead ya mwaka 1965, isiyotumia mteremko, mara nyingine inapita. Kwa njia yoyote inayopima mteremko ni shimo. Mashine ikiwa karibu na ukuta, hatua moja ya 0.000000015 inaivusha, thamani inaruka kwa bilioni kumi, na mteremko unaopatikana ni karibu 7 ikifuatiwa na sifuri 17. Kwa namba hiyo inarushwa upande wa pili wa dunia. Utaiona kwenye mistari uliyochapisha: vigeu vya kawaida, vya kawaida, kisha ghafla namba yenye tarakimu kumi na tano.

Kama ni lazima utoze faini, itoze kadiri ya kosa. Chukua kiasi sharti lilichovunjwa, kipeo cha pili, zidisha kwa c, jumlisha kwenye fankisheni. Anza na c = 1, tafuta jibu; tumia jibu hilo kama mwanzo mpya na c = 10; kisha 100. Ukirukia c kubwa moja kwa moja unatengeneza bonde jembamba kama mfereji, na njia nyingi zinayumba humo. Na ujue kwamba faini ya namna hii inaacha sharti likiwa limevunjwa kidogo siku zote, hata c ikiwa kubwa kiasi gani. Kama sharti lako halivumilii hata kidogo, faini si mahali pake.

Nelder-Mead nayo, hata inapokubali mipaka kwa kuzirudisha nukta ukutani, ina ugonjwa wa kulalia ukuta: inatembeza umbo la nukta kadhaa, na pembe zake zote zikishabandikwa mpakani, umbo hilo linabapa na halinyanyuki tena. Anzisha upya kutoka nukta ya ndani, ulinganishe.

Inasema masharti hayapatani

Iamini. Kisha hesabu kwa mkono. Maghala matatu yamebakiza nafasi ya tani 15, 20 na 20. Jumla ni 55, na mzigo ni 60. Tani 5 hazina pa kulala, na hakuna algorithimu itakayozijengea ghala. Masharti yakiwa mengi na macho hayaoni ugomvi uko wapi, weka fankisheni yako kando kwa muda. Tafuta kima cha chini cha jumla ya vipeo vya pili vya uvunjaji wa masharti peke yake. Kisipofika sifuri, hayapatani, na sharti lililobaki limevunjwa zaidi ndilo la kulianzia.

Kinyume chake ni masharti yanayosema jambo moja mara mbili. Umeandika sehemu tatu zijumlike kuwa 1, na hapo hapo tani tatu zijumlike kuwa 60. Ni sentensi ile ile. SLSQP italalamika kwamba matriki haina kinyume. Futa moja. Au, bora zaidi, futa kigeu chenyewe: sehemu ya Newala ni 1 toa ya Mtwara toa ya Masasi. Unabaki na vigeu viwili, sharti la usawa limetoweka, na linabaki tu la kwamba hizo mbili zisizidi 1 kwa pamoja. Watu wengi wanasahau hilo la mwisho, kisha wanashangaa Newala kupelekewa tani hasi 4.

Imefaulu, lakini jumla ni 0.9999997

Hakuna tatizo. Kosa linaloruhusiwa katika SLSQP kwa kawaida ni 0.000001, na COBYLA ya Powell, ya mwaka 1994, inaweza kuacha upungufu mkubwa kuliko huo. Kama mtu wa ghala anataka jumla kamili, gawanya kila sehemu kwa jumla yake baada ya jibu kupatikana. Kama upungufu unaonekana kwenye desimali ya pili, hiyo si tabia ya njia; rudi kwenye ukubwa wa namba.

Ukianzia kwingine unapata jibu jingine

Mabonde ni mengi, au bonde ni moja lakini tambarare kama lile la vipimo vitatu. Anzia sehemu kumi tofauti ndani ya mipaka, uchapishe thamani ya mwisho ya kila safari. Thamani zikiwa sawa na vigeu tofauti, bonde ni tambarare na unahitaji vipimo zaidi. Thamani zikitofautiana, chukua ndogo kuliko zote, kisha uongeze sehemu nyingine kumi.

Kwa wanaotumia Excel

Ofisi nyingi ninazopita hazina Python, zina Excel na Solver, zana yake ya kutafuta kima cha chini. Malalamiko ni kinyume cha yale ya mwanzo: kigeu kinachotakiwa kuwa hasi kinagoma kushuka chini ya sifuri. Mtu mmoja alikuwa anatafuta badiliko la bei kati ya mnada mmoja na unaofuata, na kila wiki bei iliposhuka, Solver ilimwambia haijabadilika. Kwenye dirisha la Solver kuna kisanduku cha kuvifanya vigeu visivyo na masharti visiwe hasi, na huja kikiwa kimeshawekwa tiki. Kiondoe tiki, kisha uweke mwenyewe mipaka ya vile vigeu vinavyoihitaji, kimoja kimoja.